HESABU ZA UIMARA WA MAGARI: NANI KAHESABU, NA KWA BARABARA IPI?

Kila msimu wa korosho unapokwisha, na malipo ya minada yanapowafikia wakulima wa Nachingwea na Ruangwa, swali moja huzuka barazani, katika ofisi za vyama vya msingi na kwenye vituo vya mabasi: tununue gari gani? Huyu ataka pikapu ya kupakia magunia. Yule ataka basi dogo la kubeba abiria wa Masasi na Lindi. Chama cha ushirika chataka lori. Na siku hizi kila mwenye simu mkononi hulikuta jibu limekwisha kuandaliwa, nalo ni orodha: magari kumi yaliyo imara, magari kumi yaliyo mabovu, hili lina nyota tano, lile lina nyota mbili. Orodha hizo zatoka Marekani, Ujerumani na Uingereza, nazo zina tarakimu nyingi, na tarakimu zina heshima yake mbele ya watu.

Sisi twauliza leo: je, orodha hizo ziaminiwe? Jibu letu twalitoa mapema, ili msomaji asitutilie shaka. Ziaminiwe kwa lile zililolipima, wala zisiaminiwe kwa lile ambalo hazikulipima. Na barabara za vijiji vya Nachingwea na Ruangwa hazikupimwa na mtu yeyote katika hao.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, kwamba gazeti lina mambo makubwa zaidi ya kusema. Hatukubali. Gari moja ni jasho la misimu mingi ya mikorosho. Gari la wagonjwa likilala gereji, mama mjamzito ndiye anayelipa. Lori la chama likikwama na mzigo wakati wa mnada, hasara ni ya wanachama wote. Tena mkoa huu wa Lindi una sababu ya pekee ya kuwa macho na hesabu zinazotoka mbali, kwa kuwa umekwisha kuziona zikija na umekwisha kuyaona mabaki yake.

NACHINGWEA IMEKWISHA KUFUNDISHWA

Wazee wanazijua habari za Mpango wa Karanga, lakini vijana wengi hawakusimuliwa sawasawa. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na haikuwa na mafuta ya kula ya kutosha. Bwana Frank Samuel wa kampuni ya United Africa akatoa shauri kwamba karanga zilimwe Afrika ya Mashariki kwa mashine. Serikali ya London ikamtuma Bwana John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, pamoja na wenzake wawili, waje kupima kama jambo hilo lawezekana. Walifanya kazi hiyo kwa wiki 9. Sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka ndani ya ndege.

Taarifa waliyoiandika ilikuwa na tarakimu safi kabisa. Mashamba 107, kila shamba eka 30,000, jumla eka 3,210,000. Katika mashamba hayo 80 yangekuwa Tanganyika, na mengine Rhodesia ya Kaskazini na Kenya. Jimbo la Kusini lilipangiwa fungu kubwa kuliko yote, na Nachingwea ikafanywa makao ya kazi hiyo huku kwetu.

Watu hao hawakuwa wajinga, wala hatudai kwamba walikusudia kudanganya. Kosa lilikuwa jingine. Mvua za Kongwa hazikuwa zimepimwa kwa miaka ya kutosha. Udongo wake haukuchunguzwa vya kutosha. Ulipofika wakati wa kiangazi ukakauka ukawa kama saruji, na karanga zikashindwa kung'oka. Misitu ya huku kusini, iliyoonekana laini kutoka angani, ilipokutana na mashine ikawa ni magogo na mizizi.

Na mashine zenyewe? Hapa ndipo habari ya magari inapoingia. Baada ya vita matrekta mapya hayakupatikana kwa urahisi, basi yakanunuliwa matrekta yaliyotumiwa na majeshi, mengine yakaletwa kutoka Ufilipino. Vifaru vya vita vya aina ya Sherman navyo vikageuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Katika karatasi trekta ni trekta, likihesabiwa ni moja. Lakini kabla mwaka 1947 haujakwisha, theluthi mbili hivi ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi. Spea zilikuwa adimu, gereji hazikuwa tayari, na madereva wengi ndio kwanza wanafundishwa. Mashine iliyosifiwa katika ardhi moja ilipopelekwa katika ardhi nyingine ikawa chuma cha kutazama tu.

Mwisho wake wajulikana. Gari moshi lilifika Nachingwea mwaka 1949. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango, ikafuta fedha zipatazo pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara yenye kina kirefu ikakamilika mwaka 1954, wakati mzigo uliotarajiwa umekwisha kutoweka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, ikang'olewa. Huko Nachingwea likabaki jina la Farm 17, namba ya shamba katika ramani ya watu waliokwenda zao.

Hatuyasimulii haya kwa kufufua kinyongo. Twayasimulia kwa sababu yana fundisho moja linalofaa kwa kila anayenunua gari leo. Hesabu yaweza kuwa ya kweli pale ilipohesabiwa, ikawa ya uongo pale inapopelekwa kutumiwa. Mtu aliyepima kwa haraka, kutoka juu, katika nchi asiyoishi, hakulazimika kusema uongo ili atupoteze. Ilitosha kwamba sisi, au wakubwa wake, tuliyachukua maneno yake kuwa ni makubwa kuliko alivyopima.

ORODHA HIZI HUTENGENEZWA NAMNA GANI

Basi tuzitazame orodha za magari kwa haki, bila kuzitukana na bila kuzisujudia. Ziko njia tatu za kuzitengeneza.

Njia ya kwanza ni kuwauliza wenye magari. Huko Marekani kiko chama kiitwacho Consumer Reports, kilichoanzishwa mwaka 1936, ambacho hakipokei matangazo ya biashara. Kila mwaka chama hicho huwauliza wanachama wake: katika miezi 12 iliyopita gari lako lilikupa taabu gani? Majibu yanahusu magari laki kadhaa, na taabu hugawanywa kwa sehemu: injini, gia, breki, umeme, na kadhalika. Iko pia kampuni ya J.D. Power, iliyoanzishwa mwaka 1968. Hiyo huwauliza watu walionunua gari jipya na kukaa nalo miaka mitatu, kisha hutoa hesabu ya matatizo kwa kila magari 100.

Njia ya pili ni kuhesabu magari yaliyoharibikia njiani. Huko Ujerumani chama cha wenye magari kiitwacho ADAC huwa na mafundi wanaokwenda kuwaokoa wanachama barabarani, nacho huweka kumbukumbu ya kila gari walilolikuta limesimama na sababu yake.

Njia ya tatu ni ukaguzi wa lazima. Ujerumani hiyo hiyo gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na wakaguzi wa TÜV hutoa kitabu cha kuonyesha magari ya aina gani na ya umri gani hukutwa na kasoro nyingi. Japani nayo ina ukaguzi wake uitwao shaken, ambao kwa gari jipya la mtu binafsi huja baada ya miaka mitatu na kuendelea kila miaka miwili.

Kazi hizi si za kubezwa. Mtu mmoja akikuambia kwamba gari la aina fulani ni baya, huyo kaona gari moja. Wenye magari elfu moja wakisema gia ile ile hufa katika mwaka ule ule, hapo pana jambo, na mwenye akili hulisikiliza. Kama gia yake ni dhaifu Chicago kwenye lami, hatutegemei itapata nguvu ikifika Ruangwa. Kwa onyo la namna hiyo orodha za ng'ambo zatufaa sana, na twamshauri kila mnunuzi azisome.

MAMBO MANNE YA KUULIZA

Lakini kabla ya kuinama mbele ya nyota tano, yapo mambo manne ambayo hapana budi tuyaulize.

La kwanza: nani aliyejibu? Anayejibu maswali ya chama ni mwanachama wa chama hicho. Aghalabu ni mtu anayelijali gari lake, anayebadilisha oili kwa wakati na mwenye barabara nzuri mbele ya mlango wake. Tena mwanadamu huona anachotarajia kukiona. Uko mfano mashuhuri. Katika kiwanda kimoja huko Fremont, California, kilichofunguliwa mwaka 1984 kwa ubia wa Toyota na General Motors, yalitengenezwa magari mawili yaliyo ndugu wa tumbo moja: Toyota Corolla na jingine lililoitwa Prizm. Kiwanda kimoja, mafundi wale wale, na chuma karibu kile kile. Hata hivyo yalipouzwa kama mitumba, Corolla ilipata bei kubwa zaidi. Watu walinunua jina. Basi twauliza: ikiwa jina laweza kupandisha bei ya chuma kile kile, kwa nini lisiweze kulainisha jibu la mtu anayeulizwa kama gari lake lilimsumbua?

La pili: kitu gani kilihesabiwa kuwa ni ubovu? Katika hesabu za J.D. Power za miaka ya 2023 na 2024, fungu lililoongoza kwa matatizo lilikuwa vyombo vya mawasiliano na burudani ndani ya gari: kioo cha kugusa, kuunganisha simu, kuamrisha gari kwa sauti. Basi gari lisiloweza kuongea na simu ya mwenyewe lapata alama mbaya, kama vile lapata lile ambalo gia zake zimekwama. Mkulima wa Ruangwa hana ugomvi na kioo cha kugusa. Ugomvi wake ni springi, bushi, rejeta na klachi. Orodha iliyochanganya yote hayo katika jumla moja haimwambii neno lolote mpaka aifungue na kutazama sehemu moja moja.

La tatu: gari lilikuwa na umri gani? Magari mengi yanayoingia kwetu ni mitumba kutoka Japani, na mengi yamekwisha kupita miaka kumi. Hesabu ya gari la miaka mitatu haisemi chochote juu ya gari hilo hilo likifika miaka kumi na mitano. Ni sawa na kumwuliza kijana wa miaka 20 habari za maumivu ya mgongo, kisha ukadai kwamba katika kijiji hicho wazee hawaumwi. Zaidi ya hayo, gari la mtumba lina historia yake yenyewe: dira ya kilometa yaweza kurudishwa nyuma, na mwenye gari wa kwanza aweza kuwa aliliuza kwa sababu anazijua mwenyewe.

La nne: nani anafaidika? Consumer Reports hawapokei matangazo, na hilo ni jambo la kusifiwa. Tuzo za J.D. Power ni habari nyingine. Mtengenezaji akitaka kuitangaza tuzo yake katika biashara hulipa ada kwa kuitumia. Hatusemi kwamba kwa sababu hiyo hesabu ni za uongo. Twasema kwamba aliyepata namba mbaya hatailipia ili aitangaze, na kwa hiyo masikio yetu husikia sifa peke yake.

Na uongo wa waziwazi umepata kutokea. Mwezi Januari 2014 ADAC yenyewe, chama chenye heshima kubwa kwao, kilikiri kwamba hesabu ya kura za kulichagua gari linalopendwa na wasomaji ilipikwa. Kura 3,409 ziliandikwa kuwa 34,299. Mkuu wa mawasiliano akaondoka, na mwezi uliofuata rais wa chama akajiuzulu. Haki yatulazimu tuseme kwamba ile ilikuwa kura ya kupendwa, si ile kumbukumbu ya magari yanayoharibika njiani; lakini nyumba ni ile ile. Mwaka 2000 kampuni ya Mitsubishi Motors ilikiri kwamba kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa ikiyaficha malalamiko ya wateja yasiifikie serikali ya Japani. Desemba 2023 uchunguzi wa kamati huru juu ya Daihatsu, kampuni iliyo chini ya Toyota, ulikuta udanganyifu katika majaribio ya usalama uliohusu aina 64 za magari. Wajapani tunawaheshimu kwa kazi ya mikono yao, na magari yao yametubeba miaka mingi. Lakini heshima haiondoi haja ya kuuliza.

BARABARA YETU HAIMO KATIKA VITABU VYAO

Sasa tuje nyumbani. Huku kusini mvua ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hata Aprili. Katika miezi hiyo udongo mwekundu huwa utelezi, na makorongo hukata njia za vijijini. Kiangazi kikiingia, utelezi ule ule hugeuka vumbi jembamba linaloingia katika chujio la hewa, katika bushi na katika pua za abiria. Hata barabara kuu si salama siku zote: Mei 2024, baada ya mvua kubwa za kimbunga Hidaya, njia ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga, na mikoa ya kusini ikabaki imetengwa.

Ongeza mengine. Gari lililotengenezwa kubeba watu watano hubeba saba na magunia. Mafuta vijijini mara nyingi huuzwa katika madumu na chupa. Fundi anayelijua gari la kawaida hajapata kukiona kile chombo cha umeme kinachoongoza injini ya gari jipya. Ni nani katika wale wanachama wa Marekani aliyejibu maswali yake baada ya kupita njia ya namna hiyo miezi 12?

Chukua mfano wa betri. Katika kumbukumbu za ADAC, betri ndiyo inayoongoza mwaka baada ya mwaka kwa kuyasimamisha magari ya Wajerumani. Mjerumani huyo husimama peke yake barabarani, hupiga simu, na kosa lake huandikwa. Huku kwetu gari lenye gia za mkono likikataa kuwaka kwa ajili ya betri, vijana wanne hulisukuma, nalo hunguruma likaenda zake. Hakuna aliyepiga simu, wala hakuna aliyeandika. Lakini springi ikikatika kilometa 40 kutoka mjini, hilo si jambo la vijana wanne.

Hapa ndipo ilipo hoja yetu kubwa, nasi twaomba msomaji aipime. Orodha za ng'ambo zahesabu mara ngapi gari limeharibika. Sisi yatupasa kuhesabu limelala siku ngapi. Gari linaloharibika mara tano kwa mwaka, na kila mara spea yake ikapatikana Nachingwea mjini na fundi akalimaliza kabla ya magharibi, limepoteza siku tano. Gari linaloharibika mara moja tu, lakini kifaa chake hakipo mpaka kiagizwe Dar es Salaam, na Dar es Salaam nako hakipo mpaka kiagizwe Dubai, laweza kulala mwezi mzima. Katika kitabu cha Mmarekani gari la pili ndilo lenye nyota. Kwa mwenye basi la abiria wa Ruangwa, gari la kwanza ndilo linalosomesha watoto. Uimara wa gari huku haukai ndani ya injini peke yake. Umekaa pia katika duka la spea na katika mikono ya fundi wa mtaa, na vitu hivyo hakuna kiwanda kinachovipakia melini pamoja na gari.

UVUMI WA BARAZANI NAO SI HESABU

Msomaji asije akafikiri kwamba twamtaka azitupe tarakimu za wageni ashike maneno ya kijiweni. La hasha! Uvumi nao ni upimaji, tena upimaji mbaya kuliko ule wa kutoka ndegeni.

Watu husema: magari ya zamani yalikuwa imara, tazama lile Land Rover la mzee fulani, hata leo latembea. Kweli latembea. Lakini yako wapi yale mengine yaliyoletwa pamoja nalo? Yamekwisha kuwa masufuria na majembe. Aliyebaki hai ndiye tunayemwona, nasi twamhesabu peke yake.

Wengine husema: kamwulize fundi. Fundi ni mtu wa kuheshimiwa, lakini fundi huona magari yaliyougua tu. Daktari anayeshinda wodini asidhani kwamba mji mzima ni wagonjwa. Tuseme katika wilaya yapo magari 40 ya aina moja na magari mawili ya aina nyingine. Kwa mwezi mmoja yakaja gereji magari manne ya aina ya kwanza na moja la aina ya pili. Fundi atasema aina ya kwanza ndiyo inayomletea kazi, na kwa macho yake ni kweli. Lakini katika aina ya kwanza limeugua moja katika kila kumi. Katika aina ya pili imeugua nusu nzima. Asiyejua jumla ya magari yote hawezi kujua lipi ni bovu. Hilo ndilo kosa la barazani, na ndilo kosa la kijiwe chochote cha dunia hii.

Na mwisho wako wauzaji. Muuzaji hana gari bovu. Hilo halihitaji maneno mengi.

TUHESABU WENYEWE

Basi tufanye nini? Twasema tuhesabu wenyewe. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu wa kutoka London. Yahitaji daftari, kalamu, na watu wachache waaminifu.

Vyama vya msingi vya wilaya zetu vipo, na juu yake kipo chama kikuu cha RUNALI kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Vyama hivyo vimezoea kupima korosho kwa kilo na kuandika stakabadhi. Je, vitashindwa kuandika habari za magari yanayobeba korosho hizo? Kila lori na kila pikapu inayopakia mzigo wa chama iandikwe: aina yake, mwaka uliotengenezwa, kilometa ilizonazo. Kisha kila mwezi iandikwe kwamba imetembea kiasi gani, imepita njia ipi, kitu gani kimeharibika, spea ilitoka wapi na kwa bei gani, na gari lililala siku ngapi.

Masharti yawe machache lakini yashikwe. Yaandikwe magari yote, hata lile ambalo halikuharibika mwaka mzima; bila hilo hesabu haifai kitu. Ajali isichanganywe na ubovu. Gari lililotunzwa lisichanganywe na lile ambalo oili yake haikubadilishwa tangu liliponunuliwa. Daftari lisishikwe na muuza magari wala ndugu yake. Na tarakimu zisomwe mbele ya wanachama katika mkutano mkuu, ili mwenye gari aweze kusimama na kusema: hapo mmekosea, langu lililala siku kumi, si mbili.

Tuwe na subira pia. Magari matatu si ushahidi. Mwaka mmoja si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa mvua za mwaka huu si za mwaka ujao. Lakini masika mawili na viangazi viwili vya kuandika kwa uaminifu vitatupa kitu ambacho hakijapata kuandikwa na orodha yoyote ya ng'ambo: uimara wa gari katika njia zetu, kwa spea zetu, na kwa mafundi wetu.

Serikali nayo isikae pembeni. Magari ya umma yana vitabu vya safari, na matengenezo yake yako chini ya wakala wa TEMESA. Katika vitabu hivyo zimo habari za miaka mingi za magari yaliyopita njia hizi hizi: gari la wagonjwa, gari la kilimo, gari la halmashauri. Vitabu hivyo vimenunuliwa kwa kodi ya mkulima. Twaomba, na twaomba kwa adabu, kwamba jumla zake zitolewe hadharani kila mwaka: aina hii ya gari ilitengenezwa mara ngapi, ikalala siku ngapi, ikagharimu kiasi gani. Hakuna siri ya taifa katika springi iliyokatika. Halmashauri ikitaka kununua gari jipya la wagonjwa, na itazame kwanza lile la zamani lilivyofanya kazi huku, kabla ya kutazama picha yenye rangi nzuri katika kitabu cha muuzaji.

Ndugu wasomaji, mwaka 1946 hatukuulizwa, wala wazee wetu hawakuwa na daftari la kumwonyesha aliyekuja na ndege yake. Leo tunasoma, tunaandika, na fedha za korosho ni zetu. Orodha za wageni tuzisome kama tunavyomsikiliza mgeni mwenye hekima: kwa adabu, huku tukijua kwamba hajalala katika nyumba yetu wakati paa linavuja. Mkutano wa chama chako ujao, simama uulize swali hili: magari yetu mwaka jana yalilala siku ngapi? Kama hakuna awezaye kujibu, kazi ianze siku hiyo hiyo. Bei ya daftari ni ndogo. Bei ya lori inajulikana kwa kila mtu.